Hadithi Inapokwisha



Huko Japani, mwaka wa 2002, televisheni ilianza kuonyesha katuni iitwayo Naruto, habari za mvulana yatima aliyedharauliwa na kijiji chake. Iliendelea kwa sehemu mbili, vipindi 720, hata ikafika mwisho Machi 2017. Walioianza wakiwa watoto walikuwa sasa watu wazima, na wengi walihuzunika kana kwamba wameagana na rafiki.

Tusiwacheke. Wazee wa Efeso nao walilia huko Mileto walipoagana na Paulo, wakijua kuwa hawatamwona tena, wala hakuwakemea. Machozi ya kuagana ni alama ya upendo. Lakini Paulo alikuwa amekwisha kuwaagiza walichunge kundi la Mungu. Merikebu ilipoondoka, kazi iliwangoja.

Nasi, jambo jema likiisha, tumshukuru Mungu, kisha tuwatazame walio karibu. Huenda jirani yetu yuko mtoto yatima asiyesalimiwa na mtu. Tuliyemhurumia katika hadithi, tumkaribishe mezani.

Ee Bwana, utufundishe kuagana kwa shukrani na kupenda kwa matendo. Amina.