Wazee Wetu Wanaosahau: Tuwaulize Wenyewe

(Maneno ya dada mmoja muuguzi katika kipindi cha wazee, siku ya pili ya maadhimisho)

Nimepewa dakika kumi na mapambio yameshakula tatu, kwa hiyo naingia moja kwa moja.

Mama yangu aliuza ndizi soko la Taveta zaidi ya miaka 30. Wenzetu wa upande wa Holili mnajua: pale unashika shilingi ya Kenya mkono huu na ya Tanzania mkono ule, na hesabu yote iko kichwani. Mwaka juzi hesabu ikaanza kumpotea. Mteja mmoja alirudishiwa chenji mara mbili. Mama akaniambia mwenyewe, "Mwanangu, kichwa kinavuja." Nami, muuguzi mzima, nikamjibu, "Mama, ni uzee tu huo."

Nilikosea. Kusahau ulipoweka miwani, sawa, huo unaweza kuwa uzee. Lakini kupotea njia ya nyumbani, au kushindwa na kazi uliyoizoea maisha yako yote, hiyo ni ya kupelekwa hospitali. Wala si kila anayesahau ana dimenshia. Wengine wamepungukiwa vitamini B12, wengine ni tezi ya shingo, au dawa za usingizi, au sonona, ile huzuni isiyoisha. Hayo yana matibabu. Mwingine masikio yamechoka, sisi tunasema amesahau. Hakusahau, hakusikia tangu mwanzo! Presha na kisukari navyo huumiza mishipa ya ubongo, kwa hiyo tukimwombea mzee, vidonge vyake asiache. Na jamani, kusahau si uchawi. Nalisema mara moja tu, na mnajua kwa nini nalisema.

Mama akapimwa. Ikawa dimenshia, bado ya mwanzo. Basi sisi watoto tukakaa kikao. Tukamnyang'anya pochi, tukamtoa sokoni, tukamtoa jikoni. Hata hapa kwenye ushirika tukamwondoa mlangoni alikokuwa akipokea wageni, eti anauliza jina mara tatu. Tulifanya kwa upendo kabisa. Baada ya miezi miwili alikuwa haongei. Tukasema, ugonjwa huo umekimbia.

Daktari hakuniuliza mimi. Alimgeukia yeye: "Mama, maisha unayaonaje?" Akajibu, "Kichwa si kibaya sana. Kinachoniuma ni kukaa tu kama mgeni."

Wanaochunguza mambo haya wamekuta jambo hilo hilo mara nyingi: mgonjwa akiulizwa mwenyewe kuhusu maisha yake, hujipa alama za juu kuliko anazompa yule anayemtunza. Na kinachoyashusha maisha hayo mara nyingi si kusahau kwenyewe, ni huzuni na upweke.

Tukamrudisha sokoni siku moja kwa wiki. Yeye anachagua ndizi, mjukuu anahesabu pesa. Sisemi amepona. Usiku huamka akidai gari la mzigo limefika, na wifi yangu anayelala naye hajapata usingizi wa maana tangu Pasaka. Huyo naye anatafuta mtu wa kumpokea, hata Jumamosi moja.

Mama yuko pale mlangoni, mwenye kitambaa cha bluu. Mkitoka kwenda chai atakuuliza jina lako. Mwambie. Ukirudi atakuuliza tena.