Pikipiki Iliyosimama Ukutani

Jioni hii twataka kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo kwa kulitazama mara moja laonekana dogo. Jambo lenyewe ni hili: kwa nini mtu aliyetoa fedha nyingi kununua pikipiki, tena aipendaye, huiacha imesimama ukutani siku ya mapumziko, naye akakaa barazani akiitazama?

Hatumsemi kijana wa bodaboda. Yeye hupanda kila siku, mvua na jua, kwa kuwa pikipiki ndiyo jembe lake. Twamsema mwalimu, au karani, au fundi, au mkulima, ambaye pikipiki yake ni ya kutembelea jamaa na kuona nchi. Mtu huyu ana hiari ya kwenda au kutokwenda, na mwenye hiari ndiye ashindwaye na udhia.

Hebu tuitazame asubuhi ya Jumapili moja. Hewa ni nzuri, njia ni kavu, na moyo wasema, "Twende." Lakini pikipiki imewekwa ndani kwa kuogopa wezi, na mbele yake pana magunia mawili ya mahindi na baiskeli ya mtoto. Magunia yahamishwa. Ufunguo hauonekani, waulizwa watoto, aulizwa mama yao, kisha waonekana katika mfuko wa koti la juzi. Gurudumu la nyuma limepungua upepo, na pampu imeazimwa na jirani. Petroli iliyobaki ni ya kufika kituoni tu, na kituo kiko upande mwingine wa mji. Kofia ngumu imeshika vumbi, na ndani yake yanuka jasho la mwezi uliopita. Koti ni zito, na jua limekwisha kuwa kali. Papo hapo apita jirani, asema, "Mwaelekea huko? Basi nichukulieni mzigo huu."

Tukiyahesabu mambo haya, hapana hata moja lililo kubwa. Hili lataka dakika tano, lile robo saa. Lakini huja kama siafu. Mtu hamkimbii siafu mmoja, hulikimbia jeshi lake. Tena akumbuka na marejeo: vumbi masikioni, matope ya kuosha, nguo za kufua. Saa nne ya asubuhi yafika, moyo umepoa, na neno la mwisho ni lile tulijualo sote: "Tutakwenda Jumapili ijayo."

Tusidhani kwamba udhia huu ni wa siku zetu tu. Mwaka 1885, huko Cannstatt katika Ujerumani, Gottlieb Daimler na mwenziwe Wilhelm Maybach walitengeneza chombo chenye mtambo wa petroli, ambacho wengi hukihesabu kuwa pikipiki ya kwanza. Kiunzi chake kilikuwa cha mbao, na nguvu zake zilikuwa kama nusu ya nguvu za farasi mmoja. Moto wa kuwashia mtambo ulikuwa chini ya kiti, na husimuliwa kwamba katika safari ya kujaribu kiti kile kilishika moto. Basi aliyetutangulia aliketi juu ya udhia wenyewe, wala hakuiacha safari.

Sasa tuwasimulie yaliyotupata sisi. Tunaye ndugu yetu wa tumbo moja, na zamani tulinunua naye pikipiki moja kwa shirika. Wakati ule tulikaa Mombo, chini ya milima ya Usambara katika Mkoa wa Tanga. Mjomba wetu alikaa Lushoto, juu mlimani. Kutoka Mombo hata Lushoto ni kilometa zipatazo 33, nayo njia yapanda, yazunguka kingo za mlima, yapita Soni penye maporomoko ya maji, na kila ukizidi kupanda hewa yazidi kuwa baridi. Kwa mwenye pikipiki, njia kama hiyo ni karamu.

Mwezi wa Januari mjomba alituambia, "Njooni Jumapili yo yote mpendayo. Ndizi zipo, na chai ipo." Jumapili ya kwanza petroli ilikuwa haba, kwa maana kila mmoja wetu alidhani mwenziwe ameitia. Jumapili ya pili mpira wa mbele haukuwa na upepo. Ya tatu mawingu yalitanda, tukaogopa mvua, nayo mvua haikunyesha. Kisha masika yakaja kweli, toka Machi hata Mei. Tukaifunika pikipiki kwa turubai, tukasema, "Na ipumzike."

Mwezi wa Juni tukapata habari kwamba mjomba ameshikwa na kichomi, naye yu hospitalini. Tukakimbilia turubai, tukalifunua. Tukapiga kiki mara ishirini, tukapokezana, tukapiga mara ishirini nyingine. Jasho lilitutoka, na mtambo haukukohoa hata mara moja. Betri ilikuwa imekufa, petroli imeacha utomvu ndani ya kabureta, na mnyororo umeliwa na kutu. Tukaiacha pale pale uani, tukaenda kungojea basi.

Tulipofika ilikuwa jioni. Tulimkuta mjomba ameketi kitandani, amepata nafuu. Tukamwamkia, "Shikamoo, mjomba." Akaitika, "Marahaba, wapwa zangu." Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Ugonjwa umewaita mara moja, nanyi mmekuja kwa basi. Mimi nimewaita tangu Januari, na pikipiki mnayo." Hakusema kwa hasira, na laiti angalisema kwa hasira, tungalipata la kujibu.

Mjomba alipona. Lakini twajua kwamba yawezekana asingalipona, na Jumapili zile zote tungalizitafuta wapi?

Baadaye tulimwita fundi, akaifungua pikipiki mbele yetu, akatufundisha mambo ambayo twapenda nanyi myajue. Pikipiki si kama chungu, ambacho waweza kukiweka rafuni ukakitoa mwakani kama kilivyokuwa. Petroli ikikaa miezi mingi, sehemu zake nyepesi hupotea hewani, na ile iliyobaki huacha gundi katika vitundu vya kabureta, ambavyo vingine ni vyembamba kama tundu la sindano. Betri hupoteza nguvu zake polepole hata kama haitumiwi, na ile ya risasi na asidi ikiachwa tupu muda mrefu huharibika kabisa. Upepo hupungua magurudumuni siku kwa siku. Mnyororo usiotiwa mafuta hushika kutu, hasa wakati wa unyevu.

Je, mwaona maana yake? Pikipiki isiyopandwa kwa sababu ya udhia mdogo huzaa udhia mkubwa, na huo mkubwa humzuia mtu zaidi asipande. Wazee walisema kweli waliposema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi ufa wetu ulikuwa petroli ya siku moja na upepo wa gurudumu moja; ukuta wetu ulikuwa betri mpya, mnyororo mpya, ujira wa fundi, na uso wa mjomba.

Lakini hapa yapasa tuangalie sana. Udhia wa pikipiki ni wa namna mbili, wala haufanani. Namna ya kwanza ni mtoto wa ajizi: ufunguo usiojulikana ulipo, pampu iliyoazimwa, tangi tupu. Huo waweza kuondolewa wote. Namna ya pili ni mlinzi wa uhai: kuvaa kofia ngumu na kufunga ukanda wake, kuvaa viatu vya kufunika miguu, kujaribu breki, kutazama taa na magurudumu. Huo haufai kupunguzwa hata kidogo.

Hatari ni kwamba mtu aliyechoshwa na udhia wa kwanza hukata ule wa pili, kwa kuwa ndio rahisi kuukata. Magunia ya mahindi hayana budi kuhamishwa, maana yameziba njia. Petroli haina budi kutiwa, maana bila hiyo chombo hakiendi. Lakini bila kofia pikipiki yaenda. Basi mtu aiacha kofia msumarini, asema, "Kwani nakwenda wapi? Ni hapa karibu tu."

Tarehe 13 Mei 1935 Mwingereza mmoja mashuhuri, T. E. Lawrence, ambaye jina lake lajulikana kwa vita alivyopigana pamoja na Waarabu juu ya Waturuki, alikuwa akirudi nyumbani kwake kutoka posta, huko Dorset katika Uingereza. Alikuwa mpanda pikipiki hodari wa miaka mingi. Safari ilikuwa fupi, na njia aliijua. Akakutana na vijana wawili wenye baiskeli, akawakwepa, akaanguka. Kichwani hakuwa na kofia ngumu, kama ilivyokuwa desturi ya wengi wa siku zile. Akafa baada ya siku sita. Katika madaktari waliomwangalia alikuwamo Hugh Cairns, bingwa wa magonjwa ya ubongo. Huyu aliendelea kuchunguza habari za wapanda pikipiki walioumia vichwa, na mwaka 1941 alichapisha aliyoyaona. Mwaka ule ule jeshi la Uingereza liliwaamuru wapeleka barua wake wa pikipiki wavae kofia ngumu.

Toka hapo uchunguzi umefanywa katika nchi nyingi. Mwaka 2008 wataalamu walioukusanya na kuupima pamoja walionyesha kwamba kofia ngumu humpunguzia mpanda pikipiki aangukaye hatari ya kufa kwa kadiri ya asilimia 42, na hatari ya kuumia kichwa kwa kadiri ya asilimia 69. Twawasihi mkumbuke hesabu hiyo kila mnaposema, "Ni hapa karibu tu." Bwana yule alikuwa akitoka posta.

Basi tufanyeje, ili udhia wa ajizi uondoke na ule mlinzi ubaki? Tangu mwaka ule sisi na ndugu yetu tumeshika kanuni moja: kazi ya kutoka hufanywa siku ya kurudi. Mtu arudipo, moyo wake bado una furaha ya safari, na mikono yake haioni tabu. Asubuhi ya Jumapili mikono hiyo hiyo ni mizito. Twawaeleza jinsi tufanyavyo.

Kwanza, petroli hutiwa wakati wa kurudi, kabla ya kufika nyumbani. Tangi lililojaa halina nafasi kubwa ya hewa yenye unyevu, na kwa hiyo kutu hupungua ndani yake.

Pili, matope hufutwa jioni ile ile kabla hayajakauka, na mnyororo hutiwa mafuta ungali na joto la safari, maana wakati huo mafuta huingia vizuri.

Tatu, palipo mlango pana misumari miwili. Mmoja ni wa ufunguo na mfuko wa leseni na karatasi za bima. Wa pili ni wa kofia, nayo hutundikwa mdomo wake ukielekea chini, ipate kukauka. Pampu haitoki nyumbani. Jirani mwenye haja huja akajaza upepo kwetu, na twamkaribisha.

Nne, jioni ya Jumamosi hupima upepo wa magurudumu yakiwa baridi, kwa kuwa yakipata moto kipimo hudanganya.

Tano, pikipiki haikai majuma mawili bila kupandwa walau nusu saa. Kuiwasha dakika tano uani haitoshi, maana mtambo hauwahi kupata moto wa kukausha unyevu uliomo ndani. Na kama hapana budi isimame wakati wa masika, sisi hufunga bomba la petroli, tukauacha mtambo uungue mpaka uzime wenyewe na kabureta ibaki tupu, kisha hufungua nyaya za betri.

Sita, na hili ni kwa wenye mali ya shirika: juma hili ni lake, juma lijalo ni letu. Imeandikwa ukutani kwa chaki, wala hapana tena kudhani kwamba mwenzio amefanya.

Kazi zote hizo, tukizijumlisha, hazizidi saa moja katika juma. Ni saa ile ile tuliyokuwa tukiipoteza kwa kutafuta ufunguo na kusema, "Jumapili ijayo."

Wasikilizaji wetu, hatukuja kuwaambia kwamba safari ya pikipiki haina tabu. Vumbi litabaki vumbi, na mbuzi wataendelea kukatiza njia wapendapo. Twasema hivi tu: msiuache udhia wa dakika tano uwanyime siku nzima, wala msiuondoe ule uwalindao. Aliye na jamaa aliyemwalika, na pikipiki iliyosimama ukutani, na aende usiku huu akatazame upepo wa magurudumu yake.

Jumapili iliyofuata baada ya fundi kumaliza kazi yake tulipanda Lushoto. Mjomba alikuwa barazani, na chai ilikuwa tayari mezani. Hakutuuliza habari za njia. Aliutazama mnyororo, akazitazama kofia zetu, akasema, "Karibuni ndani, ndizi zinapoa."