Simu Kuukuu za Ngara na Miti ya Jiji

(Maelezo kwa wafanyabiashara, mafundi wa simu na wakazi wa Ngara)

 

Kabla sijawaomba lolote, acha nikiri. Nyumbani nina simu tatu zisizofanya kazi. Moja ni mulika mwizi, ya pili imepasuka kioo, na ya tatu betri ilifura nikaitoa nje ya nyumba haraka. Nilizihifadhi kwa sababu ambayo wengi wenu mnaijua: zina picha, zina namba za watu, na moyo haukubali kutupa kitu ulichokinunua kwa jasho.

Tatizo ni kwamba siku moja mtu huchoka na kuzitia kwenye taka za jikoni. Betri ya lithiamu ikibanwa ndani ya lori la taka yaweza kuwasha moto. Ikifika Dandora, waya huchomwa ili kupata shaba, na moshi ule huvutwa na vijana wanaotafuta riziki pale na watoto wa mitaa ya karibu. Tangu 2022 tuna Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka. Inatutaka tutenganishe taka, na inawawajibisha wanaotengeneza na kuingiza bidhaa nchini hata baada ya bidhaa hizo kuchakaa.

Sasa, miti inaingiaje? Tani moja ya simu, bila betri, yaweza kutoa karibu gramu 300 za dhahabu, mbali na shaba na fedha. Mwamba wa mgodini mara nyingi hutoa gramu chache tu kwa tani. Lakini tuseme ukweli: simu ndogo ina uzito wa kama gramu 100, kwa hivyo tani hiyo ni simu 10,000 hivi. Hakuna kiwanda kitakachowashwa kwa simu yangu moja. Zikikusanywa nyingi, ndipo zinapata bei, na bei hiyo inaweza kununua miche. Mwaka 2009 Nokia ilifanya jambo la namna hiyo nchini India, ikaahidi mti kwa kila simu iliyorudishwa. Hapa Nairobi tunayo WEEE Centre, iliyoanza 2012, inayofungua vifaa vya kielektroniki kwa njia salama.

Serikali ya kitaifa inalenga miti bilioni 15 kufikia 2032. Mimi, kusema kweli, sijali sana idadi ya miche inayopandwa siku ya kamera. Tazameni hapo chini mtoni, John Michuki Memorial Park. Palikuwa na jaa na gereji. Marehemu Michuki, akiwa Waziri wa Mazingira, akasimamia usafishaji, miti ikapandwa. Baadaye pakaachwa pakaharibika, ikabidi kazi ianze tena 2020. Kupanda ni asubuhi moja. Kumwagilia ni kiangazi hadi kiangazi. Kwa hivyo pesa za simu zikipatikana, ningependa zilipe pia maji na mtu wa kuushika mpira, na hesabu ibandikwe ukutani sokoni, kila mtu aisome.

Mafundi, ninyi ndio mlango wa kazi hii. Mteja akikuachia simu iliyokufa, usiitupe ukishatoa kioo. Iweke kwenye sanduku kavu. Betri iliyofura usiitoboe wala kuibana. Itenge kwenye mchanga mkavu, mbali na jua.

Nanyi wenye simu: toeni laini na kadi ya kumbukumbu. Hamisheni picha, ondoeni akaunti zenu, kisha mfute kila kitu kwenye mipangilio. Ikiwa simu haiwaki, mwombe fundi aivunje sehemu ya kumbukumbu mbele yako. Una haki ya kusimama pale ukiangalia.

Nimekuja na masanduku mawili, na simu zangu mbili tayari zimo ndani. Ninachotaka leo ni vibanda viwili vitakavyoyapokea, na mtu mmoja asiye fundi wa kuandika daftari. Tuanze na wale walioketi nyuma. Nani atachukua la kwanza?