Parramatta: Kitovu cha Pili cha Jiji la Sydney



Parramatta ni mtaa wa kale kando ya mto, takriban kilomita 24 magharibi mwa katikati ya Sydney, Australia. Jina lake latokana na lugha ya Wadharug, wenyeji wa asili, nalo lahusu mikunga wa mtoni. Waingereza waliitwaa ardhi hiyo mwaka wa 1788 wakitafuta udongo wenye rutuba.

Leo makao makuu ya polisi wa jimbo la New South Wales yako huko, pamoja na mahakama na afisi nyingi. Wakazi wa magharibi hupata huduma karibu. Hata hivyo, mto bado hufurika.

Kaunti inayopanga kitovu cha pili isogeze huduma kwa wananchi na isijenge kwenye njia ya maji.