Kurudisha Trela Nyuma: Mtoa Ishara Awe Mmoja

(Maneno yaliyosemwa katika mkutano wa wanachama, Embu)



Pengine mtauliza, watu wa reli wana nini cha kusema juu ya trela? Reli haikufika Embu wala Meru. Njia itokayo Nairobi hupita Thika, Sagana na Karatina, kisha huishia Nanyuki. Kwa hiyo kahawa, chai, saruji na mbolea za huku huchukuliwa kwa malori. Lakini kazi ya kusukuma mabehewa nyuma twaijua, na hatari yake ni ile ile yenu: anayeendesha haoni anakokwenda.

Tazameni viwanda vya kahawa. Kahawa humenywa na kuoshwa kwa maji, basi viwanda vingi vimejengwa bondeni karibu na mito. Barabara hushuka kwa kona, udongo ni mwekundu, na mvua za Machi hata Mei zikinyesha huteleza kama sabuni. Lango ni jembamba, uwanja hautoshi kugeuza gari refu. Hapana budi kuingia kinyumenyume.

Kazi yenyewe ni hivi. Kwanza dereva ashuke, atembee kwa miguu mpaka mwisho, aangalie mtaro, nguzo, paa na udongo laini. Pili, apite lango, ajipange ili trela ipinde upande wa kulia anakoketi, maana huko ataiona. Ikipinda kushoto humfichia kila kitu. Tatu, akumbuke kwamba usukani ukienda kushoto, mkia wa trela huenda kulia. Basi akate kidogo tu. Trela ikianza kupinda, aurudishe usukani aifuate. Ikizidi kukunjika, asishindane nayo: asonge mbele, ainyooshe, aanze tena. Kusonga mbele mara tatu si aibu.

Lakini jambo kubwa ni taniboi. Ndiye husimama nyuma, kati ya trela na ukuta, akipiga bodi na kuita "njoo, njoo". Vibarua nao wapiga kelele, kila mtu na amri yake. Akiteleza hapo, dereva hasikii neno.

Katika yadi za reli kanuni ni ya zamani. Mtoa ishara ni mmoja. Husimama kando, mahali anapoonekana na dereva, si nyuma ya behewa. Dereva akimpoteza machoni, husimama papo hapo. Tena, kusogeza ni amri ya mmoja, lakini kusimamisha ni haki ya kila mtu, hata kibarua wa siku moja.

Wengine husema hapana nafasi ya kungoja, tajiri ataka safari mbili kwa siku. Ndugu zetu, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka mwajiri alinde usalama wa wafanyakazi wake. Taniboi si kioo cha nyuma. Basi tudai mambo matatu: taniboi afundishwe ishara na apewe koti linaloonekana, dereva asitumwe peke yake mahali pasipo uwanja, wala mtu asikatwe mshahara kwa dakika kumi za kukagua njia.

Na sisi wenyewe tuanze kesho asubuhi. Mkono ukiinuliwa, gari lisimame. Maswali yatafuata baadaye.