Chaja ya Chama ni Mali ya Chama

Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya makatibu na wanachama wa vyama vya msingi, Tanga



Nimepewa jukumu la kuzungumza nanyi juu ya chombo kidogo ambacho aghalabu hakimo katika ajenda ya mkutano wowote. Nacho ni chaja, yaani kile kidude kinachochomekwa ukutani ili simu, kishikwambi, mizani ya kielektroniki au kompyuta mpakato ipate umeme. Huenda baadhi yenu mkajiuliza kwa nini Chama Kikuu kitenge muda kwa ajili ya kitu kinachouzwa kando ya barabara pamoja na vitana na viberiti. Jawabu langu ni kwamba sehemu kubwa ya kazi za ushirika sasa imo ndani ya vyombo ambavyo pasipo chaja huzimika.

Uzito wa maziwa katika vituo vya kukusanyia, hesabu za korosho huko Mkinga, malipo ya wakulima wa mkonge huko Korogwe, na taarifa zinazopelekwa Tume ya Maendeleo ya Ushirika kwa mfumo wa MUVU, yote hayo yanategemea betri iliyojaa. Siku ya malipo, simu ya chama ikizimika, mwanachama aliyeamka alfajiri hurudi nyumbani mikono mitupu. Njiani huanza kuuliza: je, ni simu iliyozimika, au ni katibu asiyetaka kulipa? Ndugu zangu, imani ya mwanachama ikitoka huchelewa kurudi. Kwa hiyo nitaeleza kwanza kazi ya chaja, kisha namna ya kuichagua, namna ya kuitumia, na mwisho namna ya kuitunza kama mali ya chama.

Kazi ya chaja

Umeme wa gridi, uwe umetoka katika maporomoko ya mto Pangani au katika bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji, ukifika katika soketi ya ofisi huwa ni wa volti 230. Tena ni umeme wa kwenda na kurudi, mara 50 kwa kila sekunde. Simu haiwezi kuupokea umeme huo. Simu ya kawaida hutaka volti 5 tu, tena za umeme wa upande mmoja kama ule wa betri. Kazi ya chaja ni kuupunguza umeme, kuunyoosha, na zaidi ya yote kuweka kizuizi imara kati ya zile volti 230 za ukutani na mkono wa mtu anayeshika simu. Kizuizi hicho hakionekani kwa macho, kwa maana kimo ndani ya plastiki. Katika chaja njema kimejengwa kwa uangalifu. Katika chaja mbovu pande mbili hizo hutenganishwa na nafasi ndogo mno, na siku unyevu au joto likizidi, umeme wa ukutani hupata njia ya kufika katika waya wa simu.

Kusoma maandishi ya chaja

Kila chaja halali ina maandishi madogo mgongoni. Katibu hana budi kuyasoma kabla ya kulipa, kama anavyosoma hati ya mzigo kabla ya kutia sahihi. Sehemu ya kwanza hueleza umeme unaoingia. Ikiandikwa 100 hadi 240V, chaja hiyo inafaa kwa nchi yetu. Ikiandikwa 110 au 120V peke yake, msiichomeke kamwe. Sehemu ya pili hueleza umeme unaotoka, kwa mfano 5V na 2A.

Volti mnaweza kuzifananisha na msukumo wa maji katika bomba, na ampea na wingi wa maji yanayopita. Mkizidisha volti kwa ampea mnapata wati, yaani nguvu yote. Chaja ya volti 5 na ampea 1 ni ya wati 5, na ya volti 5 na ampea 2 ni ya wati 10. Betri ya simu nyingi za siku hizi hubeba nguvu ya wati 19 hivi kwa muda wa saa moja. Kwa hiyo chaja ya wati 5 huhitaji saa 4 au 5 kuijaza, na ile ya wati 10 huhitaji karibu nusu ya muda huo. Katibu mwenye umeme wa saa 3 tu kwa siku aone mwenyewe ipi inamfaa.

Hapa kuna mambo mawili yanayochanganywa mara nyingi. La kwanza ni ampea. Wengi huamini kwamba chaja yenye ampea nyingi itaiunguza simu. Sivyo. Simu huchota kiasi inachohitaji, kama vile mtu mwenye kata moja hachoti pipa zima ati kwa kuwa pipa ni kubwa. La pili ni volti, na hapa hapana msamaha. Mizani, mashine za kuchapia risiti na kompyuta za zamani zina chaja za pini ya mviringo, na pini moja huweza kuingia katika vyombo vya volti tofauti. Chaja ya volti 19 ikiingizwa katika mizani ya volti 9, mizani hiyo huenda isipime tena. Kwa vyombo vya namna hiyo, volti ziwe sawasawa na zilizoandikwa kwenye chombo, upande wa chanya na hasi uwe ule ule, na ampea ziwe sawa au zaidi.

Vyombo vipya vya tundu la Type-C vina utaratibu bora zaidi. Chaja na chombo huulizana kwanza, na volti hazipandi kupita 5 mpaka chombo kimekubali. Kwa sababu hiyo chaja moja njema ya wati 65 huweza kuhudumia kompyuta mpakato inayopokea umeme kwa tundu hilo, na vilevile simu ya katibu. Nchi za Umoja wa Ulaya zimeyalazimisha makampuni kutumia tundu hilo kwa simu mpya tangu tarehe 28 Desemba 2024, na kwa hiyo hata bidhaa zinazofika kwetu zinaelekea huko. Lakini waya nao uangaliwe. Waya wa kawaida wa Type-C hubeba ampea 3, yaani si zaidi ya wati 60. Kompyuta inayotaka zaidi ya hapo ipewe waya wa ampea 5.

Chaja bandia

Tangu mwaka 2020 makampuni makubwa yalianza kuuza simu bila chaja ndani ya boksi. Kwa hiyo kazi ya kuchagua imehamia kwa mnunuzi, na mnunuzi asiyejua huchagua kwa bei. Mwaka 2016 maofisa wa biashara wa Uingereza waliagiza uchunguzi wa chaja 400 za bandia zilizonunuliwa katika nchi mbalimbali. Ni 3 tu kati ya hizo zilizokuwa na kizuizi cha kutosha cha kumkinga mtu na umeme. Chaja 397 zilishindwa.

Dalili za bandia zipo. Maandishi hufifia au huwa na makosa ya tahajia, jina la mtengenezaji halionekani, pini hulegea au haziingii sawasawa, na chaja huwa nyepesi kupita kiasi kwa sababu ndani vimepunguzwa vifaa. Hata hivyo dalili hazitoshi, kwa kuwa mwigaji stadi huchapa namba na alama yoyote aipendayo. Kinga kubwa ni kumjua muuzaji. Nunueni katika duka lenye anwani, lenye kutoa risiti na kukubali kurudishiwa bidhaa mbovu. Mkiuziwa bidhaa inayotiliwa shaka, ipo Tume ya Ushindani inayoshughulikia bidhaa bandia, na lipo Shirika la Viwango Tanzania linalosimamia ubora. Malalamiko yenye risiti husikilizwa kwa urahisi kuliko malalamiko matupu.

Matumizi katika ofisi na vituo

Ipo desturi moja ambayo naiomba ikome katika vyama vyetu leo hii. Chaja za pini mbili za mviringo haziingii katika soketi zetu za matundu matatu, kwa kuwa ndani ya soketi mna vifuniko vinavyozuia vidole vya watoto. Watu huchukua kalamu au kijiti, wakakisukuma katika tundu la juu ili vifuniko vifunguke, kisha wakashindilia chaja. Mwenye kufanya hivyo amekwisha kuondoa kinga iliyowekwa kwa ajili ya mwanawe. Tena pini hizo hazishiki vizuri, hucheza, hutoa cheche na kupata moto. Nunueni chaja ya pini tatu bapa, au adapta madhubuti.

Jambo la pili ni ekstensheni. Chaja ya simu ni mzigo mdogo, na simu 10 za wati 10 ni wati 100 tu. Hatari huja pale birika la umeme la wati 2,000 na pasi ya wati 1,000 vinapochomekwa katika ekstensheni ile ile. Plagi ya ampea 13 hubeba wati 2,990 kwa volti 230, na ekstensheni nyingi za bei ndogo zina waya mwembamba usioweza kubeba hata hizo. Ekstensheni ya vyombo vya chama isitumike kwa kazi ya jikoni.

Tatu ni hali ya pwani yetu. Upepo wa bahari huleta chumvi, na chumvi hula shaba. Pini zikiota kutu ya kijani, umeme hupita kwa shida na joto huongezeka. Katika vituo vya maziwa sakafu huoshwa kila siku, na wakulima wa mwani hutoka majini mikono ikiwa na maji ya chumvi. Soketi ya kuchajia iwe juu ya kimo cha maji yanayorushwa, na asiguse chaja mtu mwenye mkono mbichi. Pini zipanguswe kwa kitambaa kikavu, chaja ikiwa imechomolewa.

Nne, msichaji simu chini ya mto wala juu ya godoro. Chaja na betri zinahitaji hewa. Uvuguvugu si kitu, lakini chaja isiyoshikika kwa joto, inayonuka au inayolia iondolewe mara moja. Simu iliyovimba betri isichajiwe tena.

Tano, umeme ukikatika, chomoeni. Urudipo, volti huweza kuruka kwa muda mfupi na kuunguza vyombo. Ngojeni dakika chache ndipo mchomeke. Wakati wa radi za masika, fanyeni vivyo hivyo. Wengine huzima chaja kwa kuogopa kumaliza yuniti. Kwa kweli chaja njema isiyo na simu hutumia chini ya yuniti moja kwa mwaka mzima, na yuniti moja huweza kuijaza simu mara 40 hivi. Sababu ya kuchomoa ni usalama wa chombo, wala si bei ya umeme.

Kuitunza kama mali

Ndugu Mwenyekiti, mizani zetu hukaguliwa na Wakala wa Vipimo na kupigwa chapa. Chaja inayoilisha mizani hiyo haikaguliwi na mtu. Hununuliwa kwa fedha za mfukoni, huazimwa na mlinzi, hupotea, kisha hununuliwa nyingine ya bei ndogo zaidi. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Napendekeza basi kila chama kifanye mambo manne. Kwanza, kila chaja iandikwe katika daftari la mali pamoja na volti, ampea, tarehe na duka iliponunuliwa, na ibandikwe jina la chombo chake. Pili, kila chombo cha lazima kiwe na chaja ya akiba iliyofungiwa kabatini. Tatu, mwanachama anayeomba kuchaji simu yake ofisini aje na waya tu, atumie chaja ya chama iliyokwisha kukaguliwa, badala ya kuleta asiyojulikana ilikotoka. Nne, Kamati ya Usimamizi ikague chaja, waya na soketi inapokagua vitabu.

Najua mtaniambia kwamba vyama vingine ni vidogo na chaja njema ni ghali. Ni kweli, kwa chama kimoja kinachonunua chaja moja. Lakini sisi ni wanaushirika. Tuliungana ili tununue mbolea na madawa kwa pamoja, na hakuna kinachotuzuia kununua chaja kwa njia hiyo hiyo. Makatibu wakileta orodha za mahitaji, Chama Kikuu kinaweza kuagiza kwa pamoja, fundi akafungua chaja moja ya mfano na kuikagua kabla ya malipo, na muuzaji akatoa dhamana kwa maandishi. Mnunuzi wa chaja 100 husikilizwa dukani kuliko mnunuzi wa moja.

Orodha hizo zianze kuandikwa mara mrudipo vyamani. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na huu ni ufa ambao bado tunaweza kuuziba kwa gharama ndogo.