Behewa Lililosimama Linaweza Kuondoka



Kiwanda kinapopokea mizigo kwa reli, injini ya treni huleta mabehewa, huyaacha kwenye njia ya kando, kisha huenda zake. Kazi inabaki: behewa moja lifikishwe ghalani, jingine chini ya kreni. Zamani wafanyakazi walilisukuma kwa mtaimbo, au farasi wakalivuta. Leo viwanda vingi duniani hutumia gari dogo lenye magurudumu ya mpira ya barabarani na ya chuma ya relini. Aina moja maarufu, Trackmobile, ilibuniwa Marekani mwaka wa 1948.

Gari hilo hufika kwenye kivuko, hushusha magurudumu ya chuma na kupanda reli. Ingawa ni dogo, huvuta mabehewa kadhaa yaliyojaa. Sababu ni mbili. Kwanza, chuma huviringika juu ya chuma kwa urahisi. Pili, gari huinua kidogo kiungio cha behewa, sehemu ya uzito wa behewa ikaliegemea, na magurudumu yake yakashika reli barabara.

Urahisi huo ndio hatari. Mteremko wa mita 1 kwa kila mita 100, ambao jicho halioutambui kwa haraka, unatosha kuliondoa behewa lisilofungwa breki. Haliungurumi wala halipigi honi. Likishaanza kwenda, tani 60 hazizuiliki kwa mikono.

Kwa hiyo, mwenye kiwanda ahakikishe breki ya mkono imefungwa na kabari zimewekwa kabla gari halijaachana na behewa. Dereva akisukuma mabehewa huwa nyuma yake na haoni mbele. Lazima awepo mtu wa ishara. Mtu huyo akipotea machoni, dereva asimame papo hapo.

Nchini Kenya, reli imepita katikati ya makazi tangu ilipoanza kujengwa kutoka Mombasa mwaka wa 1896, na wengi huona njia ya mkato kuwa jambo la kawaida. Mkazi asitambae chini ya behewa, wala asipenye kati ya mabehewa mawili, hata kama yamesimama tangu asubuhi. Mzazi amwonyeshe mtoto kivuko rasmi na kumfundisha kutazama pande zote mbili. Kuzunguka humpotezea mtu dakika chache tu. Mkato unaweza kumpotezea uhai.